Haya ya Mama Viti

Tulipoachana wiki iliyopita, kidole cha Wakili kilikuwa kimesimama juu ya kitufe, na Mama Viti alikuwa ametoka kuapa mbele ya Baraza zima kwamba hajawahi, hata siku moja, kukubali kumdhamini mtu yeyote.

Kidole kikashuka.

"...kama mdhamini wa mkopo huo, sawa mama?" ilisema sauti ya kijana kutoka kwenye spika.

Kisha ikafuata sauti nyingine, nzito kidogo, ya mwanamke aliyezoea kuongea na watu walio mbali.

"Haya, haya."

Wakili akazima. Hakuna aliyehitaji kusikia mara ya pili. Sauti ile ilikuwa imezungumza humo humo chumbani asubuhi nzima.

"Mama," akasema Mwenyekiti wa Baraza, akivua miwani yake. "Hiyo ni sauti yako?"

Msomaji, wewe ungejibuje? Najua wengi wenu mngekana mpaka mwisho, mngesema simu siku hizi zinatengenezwa, mngesingizia mafua. Mama Viti hakuumbwa hivyo, na ndiyo maana anapata taabu nyingi.

"Ni yangu," akasema.

Benchi za nyuma zikaguna.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, mambo yako hivi. Mama Viti ni mjane anayekodisha viti vya mikutano na sherehe. Anavyo mia sita, vya bluu na vyeupe, na mgongoni mwa kila kimoja imepigwa rangi namba yake ya simu, ile ile anayopokelea pesa kwa mwaka wa tisa sasa. Ukikaa mkutanoni huwezi kukwepa kuisoma, maana iko mbele ya macho yako kwenye kiti cha mwenzako. Biashara yote imo ndani ya namba hiyo.

Siku kumi na nane zilizopita namba hiyo ikageuka mtego. Mteja akituma malipo, pesa inaingia na kutoka papo hapo, inakwenda kwa kampuni moja ya mikopo ya simu ambayo watu wameibandika jina la Kupe. Kisa? Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi rangi kwa kazi, alikopa kwa Kupe akashindwa kulipa. Na kwenye mafaili ya Kupe, Mama Viti ameandikwa kuwa ndiye mdhamini.

Ila mwezi huu huu zimeanza kutumika kanuni mpya. Kanuni zinasema kampuni ya mikopo isiguse namba ya mtu mwingine, isipokuwa mdhamini aliyeridhia waziwazi. Anayeamua ni Baraza la Malalamiko, na shauri la Mama Viti ndilo la kwanza kabisa kusikilizwa. Akishinda, namba yake inafunguliwa leo hii. Akishindwa, Kupe ataendelea kunyonya mpaka ashibe, na zile namba za migongoni zitabaki mapambo.

Haya, turudi chumbani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Wakili wa Kupe akaanza. Huyu ni mtu wa tai nyembamba na maneno mapana. "Kanuni inataka ridhaa ya waziwazi. Haikutaja karatasi, haikutaja sahihi. Mama ameulizwa, mama amejibu. Tena amejibu mara mbili. Haya, haya. Kamusi yoyote itakwambia neno hilo ni kukubali."

"Kamusi ipi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Mwenyekiti akagonga meza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sura na mkali wa kalamu. Akakifungua kijitabu cha kanuni, akasoma kimya kimya, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena.

"Wakili ana hoja," akasema hatimaye. "Imeandikwa waziwazi, lakini haikufafanuliwa waziwazi maana yake nini. Nisiwafiche, waliotunga hizi kanuni walikuwa na haraka."

Shemeji, aliyekaa bega kwa bega na Mama Viti, akamwinamia sikioni. "Tumekwisha, shemeji," akanong'ona. Nyuma yao binti ya Mama Viti, mwalimu wa chekechea, yule aliyeandika barua ya malalamiko kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amelikumbatia faili kifuani kama mtu anayesikia baridi.

Mama Viti akasimama.

"Naruhusiwa kumuuliza Wakili?"

"Unaruhusiwa. Hapa hatudai mtu awe na wakili ndiyo asikilizwe."

"Ahsante. Wakili, unajua kazi yangu?"

"Unakodisha viti."

"Mtu akinipigia, nikamtajia bei, akasema haya, nafanyaje?"

"Unapeleka viti."

"Sipeleki," akasema Mama Viti. "Niliwahi. Mwaka wangu wa kwanza wa biashara mtu alisema haya, nikapakia viti mia mbili, nikafika nikakuta ukumbi una kufuli na mlinzi analala. Nampigia mteja, ananiambia, mama, mimi nilisema haya ya kukusikia. Gari nililipia mimi. Tangu siku hiyo kwangu haya si oda. Mtu akisema haya, anataka kukata simu. Mpaka ataje kwa mdomo wake viti vingapi, siku gani na wapi, ndipo gari linawashwa."

"Mheshimiwa," Wakili akasema, huku akitabasamu, "hatukuja hapa kufundishwa kupakia viti."

Vijana wawili wa Kupe waliokaa nyuma yake wakacheka.

"Mama, nimekuelewa," akasema Mwenyekiti. "Lakini utaratibu wa biashara yako si sheria. Kama huna jingine, nitaamua kwa nilichosikia."

Maneno hayo yalimchoma. Miaka tisa ya akili yake, ya hasara na maarifa aliyoyapata peke yake, imefutwa kwa sentensi moja, tena na mtu ambaye hana hata ubaya naye. Lakini Mama Viti hakuwa mtu wa kufa kikondoo.

"Basi naomba jambo moja," akasema. "Mmetusikilizisha sekunde sita. Simu haiwezi kuanza na 'kama mdhamini'. Naomba rekodi yote iletwe hapa leo, tangu simu ilipoita mpaka ilipokatwa."

Wakili alikuwa ameshainama anakusanya karatasi zake. Hakuinua hata kichwa.

"Haya, haya, mama," akasema. "Mheshimiwa, kama hakuna la ziada, naomba uamuzi."

"Tupumzike dakika kumi na tano," akasema Mwenyekiti. "Tukirudi ninatoa uamuzi wangu."

Pembeni, karani wa Baraza, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiandika kila neno bila kupumzisha mkono, akaweka nukta.

Korido ilikuwa nyembamba, na kiyoyozi kibovu kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo. Mama Viti hakumaliza hata kujinyoosha mgongo, Wakili akawa ameshafika. Sasa alikuwa na sauti nyingine, ya kupaka mafuta.

"Mama, na mimi nina mama yangu nyumbani."

"Hongera."

"Kampuni haina ugomvi na wewe. Nina karatasi hapa, mistari mitatu tu. Weka sahihi, namba yako inafunguliwa kabla hujafika kwenye ngazi. Na deni la shemeji yako tunalifuta lote."

Mama Viti akaipokea, akaisogeza mbali kidogo na macho. Ilisema: Ninakiri kwamba niliridhia kuwa mdhamini, na ninaondoa malalamiko yangu kwa hiari yangu mwenyewe.

"Saini, shemeji," Shemeji akamshika kiwiko. "Nakuomba. Sote tunatoka hapa salama."

"Na wale?"

Alikuwa anaonyesha mlangoni. Kupitia kwenye uwazi ungeweza kuwaona watu wa benchi za nyuma: nesi aliyevaa sare bado, kinyozi, mwalimu mstaafu na wengine kama kumi hivi. Wote wa mtaa mmoja, na kila mmoja ana simu inayopokea na kumeza. Kila mmoja aliamka siku moja akakuta ni mdhamini wa mtu. Walikuwa wanasubiri waone mwenzao atafanywa nini ndipo nao wafungue midomo.

"Wale umezaliwa nao?" Shemeji akauliza.

Simu ya Mama Viti ikaita. Ilikuwa ofisi ya kiwanda kimoja kilichoagiza viti mia nne vya mkutano wa wafanyakazi wa siku tatu. Oda ya aina hiyo humjia mara moja kwa mwaka.

"Mama, nimeidhinishiwa malipo," akasema yule wa ofisini. "Nitume kwenye ile ile ya kwenye viti?"

"Usitume bado. Nipe muda kidogo."

"Saa kumi ikipita natafuta mtu mwingine. Si kwa ubaya, mama. Bosi ameidhinisha namba hiyo tu, hataki kusikia hadithi."

"Naelewa," akasema, akakata.

Akamtazama binti yake. "Wewe unasemaje?"

Binti akainamisha uso. Alikuwa anaangalia maji yanavyodondoka kwenye ndoo. Mama Viti akadhani ni uchovu, maana walikuwa hawajala tangu alfajiri.

Akaikunja karatasi mara moja, akaikunja tena, akaitia kwenye mfuko wa kifuani wa koti la Wakili na kuipigapiga kidogo ili ikae vizuri.

"Ningetaka kulipa deni la mtu, ningelipa siku ya kwanza nikalala usingizi," akasema. "Mimi sitakiri nisichokifanya. Namba yangu mnaweza kuifunga, mdomo wangu hamuwezi."

"Utajuta, mama."

"Nitajuta nikiwa kwangu. Hebu nipishe nipite."

Dakika kumi na tano zilipokwisha, Mwenyekiti alirudi na karatasi moja mkononi. Ukiona hakimu yeyote anarudi na karatasi moja, ujue ameshaamua. Wakili naye alilijua hilo, maana alikuwa ameshafunga mkoba wake.

"Mheshimiwa," Mama Viti akasema, "kabla hujasoma. Rekodi yote iko wapi?"

"Rekodi gani?" Wakili akauliza.

"Niliyoiomba, ukakubali kuileta."

"Mimi? Mimi sijakubali kitu."

"Naomba karani atusomee."

Mwenyekiti akamtazama karani. Karani akarudisha kurasa mbili, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Mlalamikaji: Naomba rekodi yote iletwe hapa leo, tangu simu ilipoita mpaka ilipokatwa. Wakili: Haya, haya, mama."

Wakili akacheka kidogo, akatikisa kichwa.

"Mheshimiwa, hiyo ni namna ya kuongea tu. Unataka mwenzako amalize, unamwambia haya. Nilisema haya, sikukubali."

Halafu akajisikia.

Nakwambia, msomaji, rangi ilimtoka mtu yule kuanzia kwenye paji la uso mpaka kwenye kola. Alifungua mdomo kama anayetaka kuyarudisha maneno ndani, ukabaki wazi. Kicheko kilianzia kwa kinyozi, kikapita kwa nesi, kikajaa chumba kizima. Hata mmoja wa wale vijana wa Kupe alilazimika kuinama afunge kamba ya kiatu.

"Wakili," Mwenyekiti akasema polepole, "rudia, karani aandike vizuri."

"Ninaiondoa kauli hiyo, Mheshimiwa."

"Haiondoki. Imeshaandikwa."

"Mheshimiwa," akasema Mama Viti, "mimi sikusomea sheria. Lakini kama haya ni kukubali, basi alete rekodi. Na kama haya si kukubali, basi mimi si mdhamini, tuondoke tukafanye kazi. Achague mwenyewe. Mimi yoyote inanifaa."

"Haya yenyewe hawana hao," akasema mwalimu mstaafu kutoka nyuma, na safari hii Mwenyekiti hakugonga meza. Alijifanya anatafuta kalamu.

Wakili akaomba atoke apige simu. Tuliokuwa na hesabu zetu kichwani tuliona amebanwa wapi. Akisema haya si kukubali, udhamini wa Mama Viti haupo, na wadhamini wengine wote wa Kupe waliosajiliwa kwa mtindo huo huo hawapo tena. Akisema ni kukubali, analeta rekodi. Naye rekodi hiyo hajawahi kuisikia. Alikabidhiwa sekunde sita na waajiri wake, akaamini zilizobaki zinafanana nazo.

Akarudi anajifuta shingo. "Rekodi imetumwa kwenye simu yangu, Mheshimiwa. Tutaisikiliza."

Akaiunganisha na spika.

Simu ikaita mara nne. Ikapokelewa. Kwanza zilikuja kelele tupu: plastiki inagongana na plastiki, injini ya gari, wanaume wanabishana.

"Hallo?" ikasema sauti ya Mama Viti.

"Mama, habari ya kazi, napiga kutoka ofisi ya mikopo, nina taarifa fupi..."

"Hallo? Sikusikii, kuna kelele hapa."

Kijana hakusimama wala hakupandisha sauti. Aliendelea mbele kama mtu anayesoma kwenye karatasi. "Ndugu yako amekuchagua kama mdhamini wa mkopo huo, sawa mama?"

"Haya, haya," sauti ya Mama Viti ikanguruma, "pandisha, pandisha. Anza na vya bluu. Wewe, shika miguu, ukishika mgongo utakivunja. Hallo? Wewe wa kwenye simu, sikusikii kabisa. Nipigie jioni."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

Mama Viti mwenyewe alikuwa amepigwa na butwaa. Wiki mbili nzima alijilaumu usiku na mchana, akitafuta kichwani ni lini alikubali udhamini huo na kwa nani. Alifika mahali akaanza kuamini kwamba labda kweli alijisahau. Kumbe alikuwa anaongea na wapakiaji.

"Sikuwa naongea naye," akasema. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. "Nilikuwa nahimiza watu wapakie viti."

"Baraza limesikia," akasema Mwenyekiti. Alikuwa ameipasua ile karatasi yake moja katikati. "Kanuni haikunipa ufafanuzi, lakini sasa ninao. Neno aliloambiwa mpakiaji haliwezi kuwa ridhaa kwa mkopeshaji. Kwa hiyo ninaamuru..."

Hakumaliza. Hakuna aliyekuwa amezima spika.

Mama Viti alikuwa amekata simu yake siku ile, ndiyo. Lakini mashine ya ofisini kwa Kupe iliendelea kurekodi.

"Amesema haya," ikasikika sauti ya yule kijana.

Na karibu yake, karibu kabisa, mtu mwingine akacheka. Alikuwa anatafuna kitu.

"Si nilikwambia? Ukimpigia wakati wa kupakia, yule hasikii hata umwite kwa tarumbeta. Kila Ijumaa, saa tatu asubuhi. Weka hapo hapo, mdhamini. Na wale wengine wa mtaani nitakupa saa zao, mmoja mmoja. Nesi mpigie akitoka zamu, anakuwa amelala nusu."

"Zima," Mwenyekiti akasema.

Wakili akazima. Nyuma, nesi alikuwa amesimama bila kujijua.

Mama Viti hakuhitaji kufikiri. Sauti ile ilikuwa imekula nyumbani kwake tangu mwaka alioolewa. Ilimwita shemeji, ilimwomba chumvi, ilisoma majina ya wafiwa siku ya msiba wa mumewe. Mtu aliyekaa pembeni yake kwenye benchi alikuwa ameanza kuangalia mlango.

"Mama," akauliza Mwenyekiti, "unaitambua sauti hiyo?"

Shemeji akatikisa kichwa, kidogo sana, kiasi cha Mama Viti tu kuona.

"Kabla hujajibu nikueleze," Mwenyekiti akaendelea, "nisije nikalaumiwa kwamba nilinyamaza. Ukisema huijui, namalizia uamuzi wangu. Namba yako inafunguliwa sasa hivi, kampuni inapewa onyo, sote tunakwenda nyumbani. Ukitaja jina, hilo ni kosa la jinai. Linakwenda polisi, pamoja na kampuni nzima. Na kanuni ya kumi na tisa inasema namba zote zinazohusika zibaki zimefungwa mpaka upelelezi uishe. Ya kwako ni mojawapo."

"Upelelezi unachukua muda gani?"

"Mama, hizi kanuni zina wiki tatu. Hakuna anayejua."

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika nane. Ndani ya mkoba wa Mama Viti simu ilikuwa inatetema. Alijua ni nani na alijua anataka kuuliza nini.

"Shemeji," akanong'ona yule wa pembeni. "Mimi na wewe tumezika mtu mmoja."

"Ndiyo maana nilikufungulia mlango wangu," Mama Viti akajibu bila kunong'ona. "Sikuufungua ili upime saa ambayo sisikii."

Akasimama. Alikuwa amechoka, alikuwa na njaa, na alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe.

"Mheshimiwa, namba yangu ibaki imefungwa," akasema. "Nitakwangua viti vyote mia sita nipige nyingine, hata nikikwangua kwa kucha. Hiyo sauti naijua. Karani, andika."

Benchi za nyuma zikasimama zote kwa pamoja. Wakili akakaa.

Ndipo Shemeji naye akainuka, na sauti yake safari hii ilikuwa wazi, ikatambulika na kila aliyesikia ile ya kwenye spika.

"Ukinitaja mimi, usiishie kwangu," akasema. "Kupe hawaandiki mdhamini bila picha ya kitambulisho chake. Fungueni faili lao, mtaikuta humo. Kitambulisho chako unakiweka chini ya godoro, shemeji. Mimi nimewahi kuingia chumbani kwako?"

Ndani ya nyumba ya Mama Viti wanalala watu wawili tu. Mmoja ni yeye.

Nyuma yake faili likaanguka. Karatasi zikatawanyika sakafuni mpaka chini ya meza ya karani, na hakuna aliyeinama kuziokota.

"Mama," ikaita sauti ya binti yake, ndogo kabisa, kama ya mmoja wa watoto anaowafundisha.

Mama Viti hakugeuka. Alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili.

"Karani," akasema, "andika hilo la kwanza. Halafu acha nafasi ya jina la pili."